Makumbusho ya Nomino: Kuihakiki Ngome ya Ibo na Kasri la Kisiwa cha Msumbiji

Utangulizi

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mwezi wa Julai 2016 mimi na mwalimu mwenzangu tulivuka Mto Ruvuma kutoka Mtwara, tukaifuata pwani ya Cabo Delgado hadi kisiwa cha Ibo, kisha tukaendelea kusini mpaka Kisiwa cha Msumbiji kilichoko katika mkoa wa Nampula. Tulikwenda kusikiliza Kimwani, lugha ndugu ya Kiswahili. Hatukwenda kutazama majumba. Lakini katika visiwa hivyo mgeni hawezi kuyakwepa majumba: ngome, forodha, makazi ya magavana, makanisa. Baadhi yamekarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni, na mengine yanaendelea kumomonyoka kwa chumvi na kupasuliwa na mizizi ya miti.

Wanafunzi wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi kwa kutazama fani na maudhui. Katika makala haya nakusudia kuhakiki majumba kwa njia hiyo hiyo. Makumbusho nayo ni matini. Yana mandhari, yana wahusika, yana mpangilio wa matukio, na zaidi ya yote yana lugha. Aliyeyapanga amechagua nini kionekane na nini kisionekane, kama mwandishi anavyochagua. Hoja yangu ni moja: makumbusho yaliyowekwa ndani ya nyumba za serikali ya kikoloni hutuhifadhia nomino na kutupotezea vitenzi. Vitenzi hivyo vimo katika lugha zetu, na kazi ya kuvirudisha inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Mandhari: Ngome ya Ibo

Ibo ni kimoja kati ya Visiwa vya Quirimba. Wenyeji wake ni Wamwani, watu wa pwani. Maji ya huko ni mafupi, na chombo hutegemea bamvua na kupwa. Sisi tulisubiri Tandanhangue, upande wa bara katika wilaya ya Quissanga, mpaka maji yalipojaa, ndipo jahazi likaweza kupita kati ya mikoko. Msafiri anayesubiri hivyo anaelewa haraka kwa nini mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya utawala yalihamishwa kutoka Ibo kwenda Porto Amélia, yaani Pemba ya leo yenye ghuba ya kina kirefu, na kwa nini Ibo ikabaki na majumba makubwa kuliko shughuli zake.

Historia ya mahali hapa haikuanza na majumba hayo. Wareno walipoishambulia Quirimba mwanzoni mwa miaka ya 1520, walikuta jamii ya Kiislamu yenye biashara na miji ya jirani. Visiwa hivyo vilijulikana kwa nguo zilizofumwa na kutiwa rangi ya nili huko huko, nguo zilizoitwa maluane, na Wareno walifikia kuviita visiwa kwa jina la nguo hiyo. Mtawa wa Kidominiko, João dos Santos, aliishi Quirimba katika miaka ya 1590 na kuandika habari za pwani hii katika kitabu kilichochapwa Ureno mwaka 1609. Kwa hiyo kabla ya kuwako ngome palikuwako kitanda cha mfumaji. Hilo ni la kukumbuka.

Katika karne ya 18 Ibo ikawa mji wa utawala wa Kireno katika eneo hilo, na ikawa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa, ya pili baada ya Kisiwa cha Msumbiji chenyewe. Mateka walipelekwa visiwa vya Wafaransa, yaani Mauritius na Réunion, na katika karne ya 19 wengine kutoka pwani hii ya kaskazini walivushwa hadi Brazili na Kuba iliyokuwa koloni la Hispania. Ngome ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji ilijengwa mwaka 1791. Umbo lake ni la nyota, na ni mojawapo ya ngome tatu za kisiwa hicho kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19 visiwa hivi vilivamiwa mara kadhaa na Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Madagaska. Baadaye ngome ikawa gereza, na katika zama za Salazar walifungwa humo wafungwa wa kisiasa.

Kwa upande wa fani, ngome hii inavutia. Kuta ni nene, nyeupe, na ua wake ni mpana. Mgeni huingia kwa lango la mawe na kujiona mdogo, kama ilivyokusudiwa na waliojenga. Lakini kwa bahati njema ngome ya Ibo ina jambo moja lililoiokoa isiwe ganda tupu. Tulipoingia tuliwakuta wafua fedha kibarazani, wamekaa chini, wakivuta nyuzi nyembamba za fedha na kuzisokota kuwa mikufu na hereni. Ufundi huo ni wa siku nyingi kisiwani. Sauti ya vinyundo vyao ndiyo kitu cha kwanza tulichokisikia, kabla hatujaonyeshwa mzinga wala ukuta. Kufua ni kitenzi. Katika jengo lililokuwa la mizinga na minyororo, palikuwa na watu wanaotenda jambo.

Msimulizi: mzee na vitenzi vyake

Aliyetutembeza alikuwa mzee wa Kimwani aliyejifunza Kiswahili cha Mtwara alipokuwa mkimbizi wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964. Akisema Kimwani polepole, tulielewa karibu nusu. Akisema Kiswahili, alituita walimu, nasi tulimwita babu.

Nilikuwa nimebeba daftari na kuanza kuandika majina: lango, mnara, handaki, kisima. Mzee hakuwa na haja na majina. Alisimama mbele ya chumba chenye giza akasema, "Hapa waliingizwa." Akasogea. "Hapa walihesabiwa." Akaonyesha ufukweni kwa kidevu. "Kule walipakiwa." Mbele ya vyumba vya nyuma, ambavyo vilikuwa vya wafungwa wa wakati wa PIDE, polisi wa siri wa Ureno, alisema kwa sauti ile ile, "Na hawa walifungwa, wengine hawakutoka." Mwenzangu alininong'oneza: "Umesikia? Mzee huyu anatembeza watu kwa vitenzi."

Ni kweli. Kwake ngome haikuwa kitu. Ilikuwa mfululizo wa mambo waliyotendewa watu. Nilifunga daftari langu la nomino, nikamsikiliza.

Kasri la gavana

Kutoka Ibo tulikwenda Kisiwa cha Msumbiji. Sababu ni kwamba Ibo iliripoti huko: hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Wareno katika Afrika ya Mashariki hadi mji mkuu ulipohamishiwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1898. Inasimuliwa kwamba jina la nchi nzima linatokana na mtawala mwenyeji wa kisiwa hicho aliyeitwa Musa, ambaye Vasco da Gama alimkuta mwaka 1498. UNESCO ilikiingiza kisiwa hicho katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991.

Jumba mashuhuri la hapo ni Kasri la Mtakatifu Paulo, jengo kubwa lililopakwa rangi nyekundu. Lilianza kama chuo cha watawa wa Kijesuti mwaka 1610, wakati Ureno yenyewe ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, hali iliyodumu kuanzia 1580 hadi 1640. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya zama hizo hizo. Kwa maana hiyo mwanafunzi anayedhani kwamba Wahispania hawakuwahi kuigusa pwani yetu anapaswa kukumbuka kwamba kwa miaka 60 amri za juu kabisa zilitoka kwa mfalme aliyeketi Hispania. Baada ya Wajesuti kufukuzwa katika himaya ya Ureno mwaka 1759, jengo likawa makazi ya magavana. Leo ni makumbusho.

Ukipanda ngazi unaingia katika vyumba vilivyopangwa kana kwamba gavana ametoka kwenda kupunga upepo. Kuna samani za mbao nzito zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kihindi na Kireno, na vyombo kutoka Ureno, Uarabuni, Uhindi na China. Katika kanisa dogo lililoungana na kasri kuna mimbari ya karne ya 17 iliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Orofa ya chini kuna makumbusho ya mambo ya bahari.

Mhakiki mwadilifu hana budi kusifu panapostahili. Kuvitunza vitu hivyo katika hewa ya chumvi, katika nchi iliyopita vita vya ukombozi na kisha vita vya ndani hadi mwaka 1992, ni kazi kubwa. Aidha, nakshi zile zinatufundisha kwamba Bahari ya Hindi ilikuwa soko moja, na kwamba hata kiti cha gavana kilitoka mikononi mwa fundi wa Kiasia ambaye jina lake halikuandikwa. Kwa fani, kasri lile linapata alama za juu.

Nomino bila vitenzi

Tatizo liko kwenye maudhui, na si tatizo la jumba hilo moja. Nyumba ya serikali ikikarabatiwa na kupangwa kama ilivyokuwa, mhusika mkuu anakuwa yule yule aliyekaa humo. Kitanda ni chake, meza ni yake, mlango unafunguliwa kwa ajili yake. Mgeni anaalikwa kusimama mahali pa gavana na kutazama nje kupitia dirisha la gavana. Hakuna mtu aliyekusudia kudanganya. Jengo lenyewe linasimulia upande wake, kwa sababu watawala hujenga kwa mawe na watawaliwa wengi hujenga kwa miti na makuti. Mawe yanabaki.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo letu la maneno ya mkopo. Tazama maneno ya Kireno yaliyoingia katika Kiswahili: meza, bendera, kasha, leso, foronya, kopo, mvinyo, karata, tarumbeta, padri, nanasi, gereza. Karibu yote ni nomino. Wareno walitawala Mombasa kwa takribani karne moja na Kisiwa cha Msumbiji kwa zaidi ya karne nne, lakini ni vigumu kupata kitenzi kimoja cha Kireno ambacho Mswahili wa Unguja au Lamu anakitumia kila siku. Walituachia vitu, na vitenzi vya maisha tuliendelea navyo wenyewe. Kasri la gavana ni kama ile orodha ya maneno ya mkopo iliyosimamishwa kwa mawe: meza, kasha, kopo, foronya. Vitu vipo. Vitendo havipo.

Chukua neno machela. Kamusi zetu zinalieleza kuwa ni kitanda au kiti cha kubebea mtu. Huko Msumbiji Wareno walikiita machila, na ndicho walichobebewa wakubwa kwa karne nyingi. Kama nomino, machela ni kifaa cha mbao na kitambaa, na mgeni anaweza kukisifia. Kiweke katika sentensi, uone kinavyobadilika: walimbeba. Sasa kuna mabega, kuna jua, kuna jasho, kuna njia ndefu ya mchanga. Kitenzi kimoja kimeleta wahusika wapya ambao chumba chote cha samani hakikuwaonyesha.

Lakini kurudisha vitenzi hakutoshi ikiwa tutajificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Katika jumba moja la pwani, ambalo sitalitaja, nilisoma kibao kilichosema kwamba watumwa "walisafirishwa" kutoka hapo. Na nani? Sentensi haikusema. Hata mzee wetu wa Ibo, pamoja na vitenzi vyake, alitumia kauli hiyo: waliingizwa, walihesabiwa, walipakiwa. Nilipomuuliza, "Babu, na nani?" alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Na wenye vyombo, na wenye fedha, na wenye bunduki. Na wengine ni sisi."

Jibu hilo ni zito, na lazima tulikubali. Kitenzi kuuza katika historia ya Ibo kina viima vingi. Kiima kimoja ni Mreno. Kingine ni Mfaransa mwenye merikebu. Kingine ni mfanyabiashara wa Kihindi aliyekopesha mtaji. Kingine ni mtawala wa bara aliyeteka jirani zake, na kingine ni tajiri wa pwani aliyezungumza lugha yetu. Makumbusho ya nomino yanatustarehesha sote, sio wakoloni tu, kwa sababu kiti hakimshitaki mtu. Atakayedai vitenzi vya Ibo awe tayari kusikia na jina la kwao likitajwa. Pasipo utayari huo, uhakiki wetu utakuwa wa kulalamika tu.

Meza iko kisiwani, barua ziko Maputo

Swali linafuata: vitenzi vyenye viima vyake tutavipata wapi? Wengi watajibu kwamba wenyeji hawakuandika, hivyo tuwasikilize wazee. Kusikiliza wazee ni lazima. Lakini si kweli kwamba wenyeji hawakuandika.

Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji, mjini Maputo, mna barua nyingi za karne ya 19 zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili au kwa lugha za kaskazini zenye athari kubwa ya Kiswahili. Waandishi wake ni masultani, mashehe na machifu wa kaskazini, na waandikiwa ni maofisa wa Kireno, wakiwamo magavana wa Ibo na wa Kisiwa cha Msumbiji. Wataalamu kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezichunguza na kuonyesha kwamba hati hizo zilikuwa chombo cha kawaida cha siasa na biashara kati ya pande mbili. Miongoni mwa waandishi kutoka Cabo Delgado yumo Bwana Shaki bin Abdulatif wa Quissanga, upande ule ule wa bara tuliposubiri maji yajae. Serikali ya Kireno ililazimika kuwa na wakalimani ili isome barua zilizoletwa kwake.

Tafakari maana yake. Kiswahili hakikuwa nje ya nyumba ya gavana kikichungulia dirishani. Kiliingia ndani, kwenye bahasha, kikawekwa juu ya meza na kusubiriwa jibu. Mwandishi wa barua anaarifu, anaomba, analalamika, anaahidi, anakana, anatishia. Hivyo ni vitenzi, tena vyenye viima: fulani bin fulani, na jina lake limeandikwa. Leo meza iko kisiwani na barua ziko Maputo, umbali wa kilometa zaidi ya elfu moja. Kama nakala ya barua moja tu, yenye tafsiri na hati za kawaida pembeni, ingewekwa juu ya meza yoyote ya gavana wa pwani hii, chumba kizima kingebadilika. Mgeni angejua kwamba aliyekaa kitini hakuwa peke yake katika mazungumzo.

Na hili halihitaji kubomoa kitu. Sisemi samani za Goa zitolewe. Nasema ziongezewe sentensi.

Neno gereza

Nimeacha kwa makusudi neno moja katika orodha ya mkopo. Siku ile Ibo, tulipokuwa tunatoka langoni, nilimwuliza mzee swali la kitoto kidogo. "Babu, jengo hili lina jina la mtakatifu. Lilikuwa ngome au kanisa?"

Akacheka. "Mwalimu, ninyi nyumba ya kufungia watu mnaiitaje?"

"Gereza."

"Na Mreno kanisa analiitaje?"

"Igreja."

"Basi jibu unalo."

Wataalamu wengi wa etimolojia wanakubali kwamba gereza limetokana na neno hilo la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome, wenyeji wakaliita boma zima kwa jina la kanisa, na boma lilipogeuzwa mahali pa kufungia watu, jina likabaki na wafungwa. Kilwa Kisiwani ngome ya ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo. Ngome ya Yesu ilikuwa jela chini ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikawa makumbusho. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela hadi miaka ya 1980.

Hakuna kibao cha makumbusho kinachoweza kueleza kwa ufupi hivyo. Neno moja la silabi tatu limebeba msalaba, mzinga na pingu kwa pamoja, na limebebwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuruhusiwa kuingia katika jengo isipokuwa kama wafungwa. Hii ndiyo sababu nasema Kiswahili ni makumbusho ya pili. Gavana alihifadhi kiti, wasemaji wakahifadhi maana ya kiti kwao.

La kufanya darasani

Makala ya aina hii yasipomfikia mwalimu darasani yanakuwa hadithi ya safari tu. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mwalimu wa isimu anapofundisha maneno ya mkopo asiishie kwenye orodha ya neno na asili yake. Awape wanafunzi nomino kumi za Kireno na kuwaambia watunge sentensi ambazo kiima chake ni mtu wa pwani aliyeishi chini ya Wareno. Mwanafunzi atagundua mwenyewe ni kitenzi gani kinakosekana katika historia aliyofundishwa.

Pili, ziara za makumbusho ziwe sehemu ya somo la uhakiki. Mwanafunzi aliyefika Ngome ya Yesu, Boma la Bagamoyo au kasri lolote la Unguja aulizwe maswali yale yale tunayouliza kuhusu riwaya: mhusika mkuu ni nani? Nani yumo bila kusemeshwa? Vibao vimeandikwa kwa lugha gani, na kwa kauli ya kutenda au ya kutendwa? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na nakala wapelekewe wenye makumbusho, kwa adabu.

Tatu, tufundishe kusoma hati za Kiarabu zilizotumika kuandikia Kiswahili. Wahitimu wetu wengi wa shahada ya kwanza hawawezi kusoma hata mstari mmoja wa hati hizo, ilhali sehemu kubwa ya maandishi ya zamani ya lugha wanayoifundisha iko humo. Barua za Cabo Delgado zinahitaji wasomaji, na wasomaji hao wangepaswa kutoka katika idara kama yetu.

Hitimisho

Yote haya niliyaandika mara ya kwanza katika daftari mwaka 2016, nikidhani muda upo. Tarehe 5 Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, mji tuliokuwa tumelala usiku mmoja. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo na kuharibu sehemu kubwa ya nyumba za wakazi. Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Maelfu ya watu wa pwani, wengi wao wasemaji wa Kimwani, waliyakimbia makazi yao, na Ibo yenyewe, kisiwa kidogo cha majumba matupu, kilipokea wakimbizi kutoka bara. Namba ya simu aliyonipa mzee haipokelewi tena.

Jambo moja lilinijia wazi baada ya hapo. Kuta za ngome ya 1791 zimepigwa na vimbunga na bado zimesimama, na zikipasuka zitapata mfadhili wa kuzikarabati. Kile kilichokuwa kinywani mwa mzee hakina kuta. Kinahama pamoja na watu, kwa miguu na kwa mashua, na kinapungua kila msemaji anapozikwa mbali na kwao. Msumbiji ilianza kuingiza Kimwani shuleni katika mpango wa elimu kwa lugha mbili miaka ya mwanzo ya 2000, na Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Msumbiji na Tanzania ni wanachama, ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Milango hiyo ipo. Kwa maoni yangu hatua ya kwanza ya kuipita ni ndogo: mwanafunzi mmoja na kinasa sauti, akimsikiliza mzee mmoja wa Kimwani, popote alipo sasa, Pemba, Nampula au Mtwara.

Akifika huko asianze kwa kuuliza hiki kinaitwaje. Aulize, babu, hapa walifanya nini, na nani alifanya.